Mikono Miwili, Fimbo Kumi na Nne

Katika mfuko wa gofu mna dreva yenye urefu wa karibu inchi 45, ambayo uso wake umeinama nyuzi 9 hadi 12 tu. Mna fimbo za chuma ambazo huzidi kufupika, na nyuso zake kuzidi kulala, kadiri namba inavyopanda. Mna weji ya mchangani iliyolala nyuzi 54 au 56. Mna fimbo ya kusukumia mpira shimoni, fupi kuliko zote, ambayo uso wake unakaribia kusimama wima. Sheria zinaruhusu fimbo 14, kiwango kilichowekwa Marekani mwaka 1938 na kufuatwa na Uingereza mwaka 1939, na kila moja imeundwa kwa kazi yake. Hata hivyo wachezaji wengi wa klabu huzishika zote kwa namna moja, kuanzia tii ya kwanza hadi shimo la 18, na mpira unapopotea hutafuta kosa begani, gotini au kwenye upepo.

Mimi naamini mshiko unapaswa kubadilika kulingana na fimbo. Ubadilike kidogo, kwa sababu unayoweza kuitaja, na ubadilike kabla hujaanza kuzungusha fimbo. Wapo walimu hodari wanaotaka mshiko mmoja kwa kila pigo kamili, na hoja yao ina uzito: mikono iliyozoea jambo moja haisahau hata mwenyewe anapoingiwa na hofu. Nakubaliana nao kwa fimbo za katikati ya mfuko. Kwa zile za pembeni, yaani dreva upande mmoja, weji na fimbo ya kusukumia upande wa pili, nina maoni tofauti.

Kugeuza na kukaza

Maelezo yote hapa ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande. Mkono wa kushoto hukaa juu ya mpini, wa kulia chini yake.

Mambo mawili hubadilika katika mshiko, na kwenye viwanja vya mazoezi huchanganywa kila siku. La kwanza ni jinsi mikono ilivyogeuzwa kuuzunguka mpini. Ukiigeuza yote miwili kuelekea kulia, mbali na unakolenga, huo huitwa mshiko wa nguvu. Ukiigeuza kushoto, kuelekea unakolenga, ni mshiko dhaifu. Kati yake upo wa wastani. La pili ni kiasi cha kukaza vidole, nalo ni jambo la peke yake kabisa. Mtu aweza kuwa na mshiko wa nguvu huku vidole vimelegea, na mwingine akawa na mshiko dhaifu huku mishipa ya mikono imemsimama.

Kipimo cha kugeuza ni vifundo vya vidole vya mkono wa kushoto. Simama kama unayetaka kupiga, inamisha macho, uhesabu vifundo unavyoviona nyuma ya mkono huo. Ukiona 2, au 2 na dalili ya cha 3, uko kwenye wastani. Ukiona 3 au 4, ni mshiko wa nguvu. Ukiona 1 tu, au usione hata kimoja, ni dhaifu. Tazama pia mfereji unaojitengeneza kati ya kidole gumba na cha shahada. Katika mshiko wa nguvu mfereji huo huelekea bega la kulia, au hata nje yake. Katika mshiko dhaifu huelekea kidevuni. Mifereji ya mkono wa kulia na wa kushoto iende sambamba, la sivyo mkono mmoja utakuwa unafunga uso wa fimbo na mwingine unaufungua.

Sasa fanya jaribio dogo. Simama wima, acha mkono wa kushoto uning'inie ubavuni bila kuulazimisha, kisha utazame. Kwa watu wengi kiganja hakielekei paja moja kwa moja; mkono umejigeuza kidogo na vifundo viwili hivi vinaonekana kwa mbele. Hiyo ndiyo hali ya asili ya mkono wako, na fimbo inaposhuka kwa kasi mkono huelekea kuirudia. Kama uliushika mpini huku mkono umegeuzwa kulia kupita hali hiyo, ukirudi utaugeuza uso wa fimbo kushoto, yaani utaufunga. Kama uliugeuza kushoto, uso utabaki wazi ukitazama kulia. Huhitaji kufanya lolote la makusudi, maana kazi ilishafanyika kabla fimbo haijanyanyuka.

Na uso ndio kila kitu. Rada za kupima mapigo zimeonyesha kwamba mpira huanza safari yake kwa sehemu kubwa kule uso unakotazama, halafu tofauti kati ya uso na njia ya fimbo ndiyo huupinda angani. Vizazi vilivyotangulia vilifundishwa kinyume chake, kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo, na wapo hadi leo wanaofundisha hivyo. Zaidi ya hapo, uso unapofungwa hupoteza sehemu ya mwinamo wake, na unapofunguka mwinamo huongezeka. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo linaloamua ni fimbo ipi ishikwe vipi.

Kuna kosa ninaloliona kuliko yote. Mwanafunzi akiambiwa ageuze mikono kulia, anaigeuza pamoja na mpini. Anaona vifundo 3 na kuridhika, kumbe uso wa fimbo nao umegeuka. Kwanza weka kichwa cha fimbo chini, ukingo wa mbele ukikata pembe mraba na mstari unaolenga. Ushikilie mpini kwa vidole viwili vya mkono wa kulia usitikisike. Hapo ndipo uulete mkono wa kushoto na kuufunga ukiwa umegeuka kiasi unachotaka: mpini upite kwenye vidole, kuanzia katikati ya kidole cha shahada hadi chini ya nyama iliyo upande wa kidole kidogo. Kisha ufuate wa kulia. Uso ukae kwanza, mikono ifuate.

Dawa ya Ben Hogan

Ben Hogan alizaliwa Texas mwaka 1912, akaanza gofu kama kedi katika klabu ya Glen Garden, mjini Fort Worth, pamoja na Byron Nelson ambaye naye aligeuka bingwa. Akawa mchezaji wa kulipwa akiwa na miaka 17, na kwa miaka mingi hakupata kitu. Mpira wake ulikuwa ukijikunja kushoto ghafla na kwa nguvu, nao mpira wa namna hiyo ukigusa ardhi hukimbia hadi uingie kwenye miti. Ushindi wake wa kwanza wa peke yake kwenye mashindano ya kulipwa ulikuja mwaka 1940.

Katika miaka hiyo ya 1940 Hogan aliugeuza mkono wake wa kushoto kuelekea kwenye mshiko dhaifu, akakileta kidole gumba karibu na juu ya mpini na kukivuta kisinyooke sana. Baada ya hapo aliweza kuuachia mwili uzunguke kwa nguvu zake zote bila kuogopa kwamba uso utafunga. Februari 1949 gari lake liligongana na basi. Alijirusha mbele ya mkewe kumkinga, akavunjika vibaya, na waliomtibu hawakuwa na hakika kama angetembea tena. Mwaka uliofuata alishinda US Open pale Merion. Mwaka 1953 aliingia mashindano makuu matatu na kuyashinda yote. Mwaka 1955 aliieleza siri yake kwenye jarida la Life, na mwaka 1957 kikatoka kitabu chake Five Lessons, alichokiandika pamoja na Herbert Warren Wind. Sura ya kwanza kabisa ya mafunzo ndani yake inahusu mshiko.

Ninakiheshimu kitabu hicho. Lakini ni kitabu cha mtu aliyetibu ugonjwa wake mwenyewe. Hogan alikuwa na mpira unaojikunja kushoto. Wachezaji wengi wa mwishoni mwa wiki wana ugonjwa wa upande wa pili, mpira unaokata kulia. Anayekata kulia akinywa dawa ya Hogan, ugonjwa wake unazidi. Isitoshe, Hogan alipiga kwa dreva yenye kichwa cha mbao, kidogo na chepesi kugeuka. Dreva za leo zina vichwa vya titani vinavyoruhusiwa kufikia sentimita za ujazo 460, na uzito wake umekaa mbali na shingo ya fimbo. Kichwa kikubwa namna hiyo husamehe mpira uliopigwa pembeni, lakini ni kizito kufunga. Kikifika kwenye mpira bado hakijamaliza kugeuka, uso unakuwa wazi.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa dreva ni kuongeza kifundo kimoja. Ukiona 2 ukiwa na fimbo ya chuma namba 7, uone 3 ukiwa na dreva. Fimbo hii ni ndefu kuliko zote, huchukua muda mrefu zaidi kurudi, na mwinamo wake mdogo hauupi mpira mzunguko mkubwa wa kwenda nyuma. Kwa hiyo uso ukiwa wazi kidogo tu, mpira unapinda waziwazi. Kosa hilohilo kwa fimbo namba 9 utalilipia hatua chache kulia kwa bendera.

Faida hiyo ina gharama. Uso unaofungwa hupunguza mwinamo, na dreva ya nyuzi 9 ikifungwa inaweza kukutolea mpira wa chini usiopaa. Anayeugeuza mkono afikirie dreva yenye mwinamo mkubwa zaidi, nyuzi 11 au 12, na autege mpira juu zaidi kwenye tii. Mwenye mpira unaojikunja kushoto tayari asiguse ushauri huu. Huyo ndiye msomaji wa Hogan.

Usidhani pia kwamba mshiko wa nguvu humlazimisha kila mtu kupeleka mpira kushoto. Lee Trevino, aliyejifundisha mwenyewe na kushinda mashindano makuu sita, aliushika mpini kwa nguvu na bado mpira wake wa kawaida ulielea kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu mwili wake uliendelea kuzunguka na kuuzuia uso usifunge. Paul Azinger, mshindi wa PGA Championship mwaka 1993, naye alikuwa hivyo. Mshiko na mzunguko wa mwili hufanya kazi pamoja: mwili unaozunguka kwa kasi hubeba mshiko wa nguvu, na mwili mzito huhitaji mikono imalizie kazi.

Jambo moja kwa wasafiri. Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira huruka mbali huku ukipinda kidogo. Ukishuka Nyali au Dar es Salaam hewa ni nzito zaidi, na pigo lilelile litapinda zaidi ya ulivyozoea. Usikimbilie kubadilisha mshiko siku ya kwanza ukiwa pwani. Hewa ndiyo iliyobadilika.

Kuhusu fimbo za chuma za katikati nitasema machache: mshiko wa wastani, usibadilishwe. Kutoka namba 5 hadi 9 mikono ikae mahali pamoja mwaka mzima, ili upate pa kurejea mengine yote yakiharibika.

Mchanga na grini

Gene Sarazen ndiye aliyeipa weji ya mchangani umbo tunalolijua, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na aliitumia aliposhinda mashindano ya The Open mwaka 1932 huko Prince's, Uingereza. Alichofanya ni kuongeza chuma chini ya kichwa, upande wa nyuma, ili fimbo iteleze ndani ya mchanga badala ya kuzama. Uvimbe huo wa chini ndio unaokuokoa, nao hufanya kazi uso ukiwa wazi. Ukifunga uso, ukingo wa mbele unachimba kama jembe na mpira unabaki palepale.

Mshiko wa nguvu hufunga uso. Kwa hiyo anayeingia mchangani na mshiko wake wa dreva amekwisha kuiharibu fimbo kabla ya kupiga. Fanya hivi: ushike mpini kwa mkono wa kulia peke yake, uuzungushe mpaka uso wa weji utazame angani. Usiuachie. Sasa ulete mkono wa kushoto ukionyesha kifundo 1, au 2 kwa shida, ukamilishe kwa wa kulia. Utahisi fimbo inatazama kulia mno; fungua miguu kidogo kushoto, upige mchanga kama sentimita 5 nyuma ya mpira, na uuache uso uendelee kutazama juu hadi mwisho. Anayeshika kwanza kisha kukunja mikono ili kufungua uso hapati kitu, maana mikono itarudi kwao na uso utafunga tena. Mpira ukiwa umezama mchangani nusu yake, mambo hugeuka: hapo unahitaji ukingo uchimbe, na mshiko wa wastani wenye uso ulionyooka ndio unaofaa.

Kwa mapigo mafupi kando ya grini mshiko dhaifu kidogo husaidia vilevile, kwa sababu pale hutaki mikono igeuke. Wengine hutumia fimbo namba 8 kwa mshiko uleule wa kusukumia, mpira ukaruka hatua mbili na kubiringika umbali uliosalia. Kwa anayeanza, sioni njia salama zaidi.

Na fimbo ya kusukumia haifuati kanuni hata moja ya hizi. Hata sheria zinaitenga: mpini wa fimbo nyingine zote lazima uwe wa mviringo, wake peke yake waweza kuwa na upande bapa, ambapo vidole gumba vyote viwili hulala vikiwa vimenyooka. Kwenye fimbo nyingine mpini hupita kwenye vidole ili kifundo cha mkono kiwe huru. Hapa upitishe kwenye kiganja, ili fimbo na mkono wa mbele viwe mstari mmoja na kifundo kitulie. Wachezaji wengi hukitoa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na kukilaza juu ya vidole vya mkono wa kulia.

Bernhard Langer wa Ujerumani ni ushahidi mzuri. Alishinda Masters mwaka 1985 na 1993 akiwa na mshiko wa nguvu kwenye mapigo marefu. Kwenye grini aliteswa na mikono inayoruka yenyewe, akajaribu kila namna, hadi kuushusha mkono wa kushoto chini kwenye fimbo na kuubana mpini dhidi ya mkono wa mbele kwa vidole vya mkono wa kulia. Tangu Januari 2016 sheria zinakataza kuegemeza fimbo mwilini wakati wa kupiga, lakini namna mikono inavyopangwa kwenye mpini ni hiari ya mchezaji.

Kiasi cha kukaza

Sam Snead, mwenye ushindi 82 kwenye mashindano ya PGA Tour, alifundisha kwamba fimbo ishikwe kama ndege mdogo aliye hai kiganjani. Ni fundisho jema kwa pigo la kawaida. Ukikaza vidole, mkono wa mbele unakakamaa, kifundo cha mkono hakikunjiki, bega linapanda, na kasi inapotea. Nguvu ikae kwenye vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto na viwili vya katikati vya mkono wa kulia. Vidole gumba na vya shahada vitulie. Kama kukaza kabisa ni 10, pigo kamili linatosha kwa 4 au 5, na kwenye grini 3.

Lakini ndege wa Snead hafai kwenye nyasi za kikuyu. Nyasi hizi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zimeenea kwenye viwanja vya Kenya, na zilivuka bahari hadi uwanja wa Riviera, huko Los Angeles, ambako mabingwa huhangaika nazo. Majani yake ni mazito na mashina yake hutambaa yakisukana. Mpira ukizama humo, nyasi huikamata shingo ya fimbo kabla uso haujaufikia mpira, kichwa kinageuka kushoto na uso unafunga. Hapa kaza hadi 6 au 7, hasa vile vidole vitatu vya kushoto, fungua uso kidogo kabla ya kushika, chagua weji au namba 9, na ukubali kurudi kwenye majani mafupi. Kaza tangu mwanzo. Anayekaza fimbo ikiwa njiani kushuka ameshachelewa.

Pwani adui ni jasho. Mpini ukiteleza, vidole hukaza vyenyewe, na hakuna fundisho litakalovilegeza mpaka mpini uwe mkavu. Beba taulo, badilisha glavu kabla haijalowa kabisa, na uoshe mipini kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Mpira wa mpini ukishakuwa mgumu na kung'aa, badilisha mpini. Ni gharama ndogo kuliko fimbo mpya. Angalia na unene: ukiushika kwa mkono wa kushoto, ncha za vidole viwili vya kati ziguse kidogo tu nyama ya kiganja. Zikichimba ndani, mpini ni mwembamba na mikono itageuka kupita kiasi. Zisipofika, ni mnene na mikono itashindwa kugeuka.

Hapo ndipo ninapowahurumia watoto. Wengi wao hupewa fimbo za wakubwa zilizokatwa. Kichwa bado ni kizito, mpini bado ni mnene, na mtoto hana njia ya kuinua chombo hicho isipokuwa kuizungusha mikono yote chini ya mpini, kwenye mshiko wa nguvu uliopitiliza. Anaambiwa anashika vibaya, naye anashika kwa namna pekee inayowezekana, na miaka kumi baadaye anahangaika kuuvunja mshiko aliolazimishwa na fimbo. Wazazi, na ninyi mnaosimamia mafunzo ya watoto katika klabu zetu: kabla ya kuwaambia lolote kuhusu vifundo na vidole, pimeni kwanza mipini ya fimbo mnazowapa, na zile zisizowatosha ziondoeni.